Kelele ya Yule Mtu

...safi kabisa, ndivyo alivyosema, safi kabisa mama, picha inang'aa, na ile kelele ya yule mtu nimekuondolea yote, akasema kwa furaha kama muuza nyama aliyekuongezea kipande, na Kevina bado ameketi pale pale kwenye kiti cha plastiki dukani kwa Emilio, hapa Hai Jalaba, Juba, mkoba mapajani, hedifoni shingoni, anakitazama kile kisanduku cheusi ambacho binti yake Phiona amemtumia kutoka Entebbe kwa mkono wa msafiri, kisanduku kidogo hivi, ungeweza kukificha ndani ya birika, eti unakichomeka kwenye televisheni na filamu zako zote zinakaa humo, hakuna tena kuhangaika na diski, hakuna tena kuzifuta kwa upindo wa gauni, na kweli zote zimo, Emilio hakudanganya, kila jina lililokuwa kwenye katoni ya diski zake amelitafuta mtandaoni akalileta likiwa jipya, kila Mzungu anasema Kizungu chake, kila Mchina Kichina chake, midomo na maneno vinakwenda pamoja, na hakuna hata filamu moja ambayo ndani yake yumo Erifazi. Kelele. Yule mtu. Na amlaumu vipi Emilio wa watu, kosa ni lake mwenyewe, alileta katoni akaitua hapo mezani kama mtu anayeacha mahindi kwenye mashine ya kusaga, akasema nitilie hizi humu ndani baba, akaenda zake sokoni, sasa Emilio angejuaje, mtu mwenye akili zake anapewa picha iliyokwaruzika na picha safi, atachagua ipi, tena mtu mwenye roho nzuri kama huyu, ambaye alihangaika na mtandao wa Juba unaokuja na kuondoka upendavyo, mpaka akampata kila Mchina wake...

"Yule mtu ni mume wangu," alimwambia, sasa hivi tu, na Emilio akaacha mkono hewani, akasema, "Malesh, mama. Haki ya Mungu, mimi sikujua," kisha akainama chini ya meza akaitoa katoni, afadhali, afadhali sana haikuwa imetupwa, maana wapo wanaozitunga diski kuukuu kwenye kamba kutishia ndege bustanini, akamwambia achague moja iliyo mbovu kuliko zote, kwa sababu hiyo ikisoma zingine hazitakuwa na shida, nayo isiposoma basi, tutajua, kalas, naye Kevina hakutafuta, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye ile filamu ya harusi ya Wazungu, ile aliyoicheza mpaka ikachoka, na sasa ndiyo iko ndani ya mashine, inazunguka, inakwaruza, inanyamaza, inaanza tena, na kwenye skrini kuna mstari wa kijani ambao umejitokeza kidogo ukasimama, na Emilio ameinamisha kichwa anausikiliza mlio kama daktari... hapana, asifikirie madaktari, afikirie kitu kingine.

Afikirie kibanda. Kibanda chao cha video pale Hai Mauna, mabati na mikeka na mabenchi, watu wamebanana, jua linachoma nje na ndani giza, na mbele kwenye kona, pembeni ya televisheni, Erifazi na kipaza sauti chake, viijei, huko kwao Uganda ndivyo wanavyomwita mtu wa kazi hiyo, anayekaa na filamu ya wenyewe akaifasiri huku inakwenda, mtu akifumbua mdomo kule Amerika anatoka na maneno ya huku, ila Erifazi alikuwa hafasiri, tuseme ukweli, alikuwa anaizaa upya, yeye mwenyewe Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, basi wale watu kwenye filamu walisema alichotaka yeye waseme, wakagombania viwanja vya Gudele, wakalalamika joto la Machi, wakavuka mto kwenda kutafuta dagaa, na jambazi, awe Mrusi, awe Mjapani, siku zote jina lake lilikuwa Soro, na Soro ni nani, Soro ni mwenye nyumba wao, mtu mzima na tumbo lake, ambaye alisikia anatajwa akaja kwa hasira kutaka kufunga kibanda, akakaa nyuma na fimbo yake, akajiona anaruka kutoka kwenye helikopta, anavuta sigara katikati ya wanawake, anapigwa risasi na hafi, wiki iliyofuata akaja na ndugu zake wote. "Nyinyi angalieni," akawaambia, "mimi iko nakuja sasa hivi na gari nyekundu." Kevina alikuwa mlangoni siku hiyo, akashika nguzo kwa kucheka. Ee Erifazi. Watu wa kila kabila waliketi kwenye benchi moja wakicheka pamoja, Kiarabu cha Juba, Kiswahili, Kiganda kidogo, alivichanganya kwenye chungu kimoja, na hata wale ambao nje wasingesalimiana, humo ndani walifutana machozi...

"Mama, inasoma lakini polepole," Emilio anasema bila kugeuka. "Inafika mahali, inarudi. Wacha tu mimi iko naibembeleza."

"Ibembeleze, baba."

Ibembeleze, kwa jina la Yesu ibembeleze, maana mashine ya nyumbani ya kuchezea diski ilikufa na mvua za mwaka huu, na tangu hapo hajamsikia. Hajamsikia. Mtu akimwona njiani atafikiri ni mjane, na yeye si mjane, Erifazi yuko nyumbani, mzima, anakula, anakwenda kanisani, anachambua karanga kibarazani, ila zoloto lake, lile la kutolea sauti, lilibaki Kampala, uvimbe uliingia kooni wakaanza kuuita mafua, wakauita vumbi, wakauita kipaza sauti, eti amelitumia sana koo lake, apumzike, na madaktari walipofungua walisema ni kuchagua, bwana, sauti au uhai, wakatoboa tundu dogo shingoni ndimo apumulie, na yeye Kevina ndiye anayemshonea vitambaa vya kulifunika, vyeupe vya kanisani, vya bluu vya nyumbani, anavifua, anavipiga pasi, anamwinua mto usiku, anamwangalia kama anapumua. Na anamshukuru Mungu, asije mtu akafikiri hashukuru. Lakini sauti ile. Ile sauti anaitamani mpaka tumbo linauma, anaitamani kuliko alivyomtamani mwenye sauti walipokuwa wachumba na yeye Kevina bado yuko Masaka, mwili mzima ulikuwa mbali na barua zinakawia, hata wakati ule haikuwa hivi, wakati ule angalau alijua iko mahali, iko kwenye kifua cha mtu, itakuja na basi. Sasa iko wapi? Iko kwenye katoni. Iko kwenye diski iliyokwaruzika ambayo mashine inaitafuna na haitaki kuimeza.

Ndege inashuka, inapita chini kabisa juu ya mabati, glasi ya chai inatetemeka mezani, Emilio anaishika ile mashine kwa mikono miwili mpaka mlio upite, naye Kevina anaishika meza, wote wawili wameishikilia diski moja isianguke kutoka mahali isipoweza kuanguka, wangejiona wangecheka. Mstari wa kijani umesogea. Umesogea kweli au ni macho? Umesogea.

Mpango wake ni huu, hajamwambia mtu, hata Phiona hajui: kisanduku atakiweka chumbani, siyo sebuleni, atanunua hedifoni kama hizi za Emilio, na jioni, Erifazi akiwa uani na redio yake, yeye ataingia, atafunga mlango, atamsikiliza. Peke yake. Kwa sababu mbele yake hawezi, utamfanyia mtu ukatili gani huo, umkalishe asikie alivyokuwa, ni sawa na kumwonyesha kiwete viatu. Kwa hiyo atamficha. Atakaa na Erifazi wa kwenye kisanduku, na Erifazi wa uani hatajua, na wala si dhambi, ni mume wake huyo huyo, hakuna sheria inayokataza... na hapo moyo unamgonga kidogo, ila hausikilizi, anasikiliza mashine.

"Hii hapa, mama. Vaa. Vaa upesi, inaanza kusema."

Anavaa. Kwanza ni mvua. Hakuna filamu, hakuna muziki, ni mvua ya Juba juu ya bati la nyumba yao, alikuwa amesahau, siku ile alirekodi chumbani, godoro limesimamishwa ukutani kuzuia kelele, na yeye Kevina amepigwa marufuku kutwanga, watoto wamefukuzwa, jogoo amefunikwa tenga, mipango yote hiyo halafu mvua ikaja bila kuombwa ruhusa, Erifazi akasema iache inyeshe, kwani harusini hainyeshi... kisha sauti. Mungu wangu. Sauti. Imekuja karibu mno, iko ndani ya kichwa, nzito, na ule mkwaruzo mdogo mwishoni mwa maneno, "Karibuni, karibuni watu wa Mauna, karibuni na wale wa Jebel, mwenye mtoto amshike mtoto, mwenye mke amshike mke wake, siyo wa jirani," na Kevina anafumba macho, mikono yote miwili juu ya masikio anaikandamiza isitoke, anaogopa kupumua, ndiyo, ndiye, huyu hapa, huyu hapa, na machozi yanakuja yenyewe bila kilio, yanateremka tu, na Emilio, mtu mwema, anajifanya anatafuta waya chini ya meza.

Bwana harusi anaongea, ni Erifazi. Bibi harusi anaongea, ni Erifazi amebana pua. Baba wa bibi harusi anataka ng'ombe wengi, anabishana kwa Kiarabu, huyo naye Erifazi, na Kevina anasubiri, anasubiri nini, anasubiri Erifazi mwenyewe aje, yule aliyekuwa akifika getini anasema Kevi, Kevi tu, kwa chini, kabla hata hajavua kofia, yule aliyekuwa akihema gizani anasema umelala, yule aliyekuwa akiuliza chumvi iko wapi na chumvi iko mbele yake... na haji. Wanakuja wengine wote, wazee, wanawake, walevi, Soro kwa kishindo, kila mtu yumo humu ndani isipokuwa yule mmoja, kwa sababu nani angemrekodi mtu akiuliza chumvi? Nani angeleta kipaza sauti getini? Sauti aliyoifuata mpaka huku haikuwahi kutiwa kwenye diski yoyote, iliongewa ikaisha, iliongewa kila siku na wakaiacha ipite kwa sababu kesho ilikuwapo nyingine, na kisanduku cha Phiona hata kikiwa kikubwa kama nyumba hakitaipata. Haya ndiyo aliyoyajia? Amejibana na vipesa vya mkobani, amebembeleza diski kama mgonjwa, kumbe mtu wake hayumo. Anataka kuvua hedifoni. Anasema avue. Havui, maana mchungaji amesimama, ni ile sehemu ya mchungaji, na ile hata kama umefiwa huwezi kuiacha njiani.

Mchungaji wa kwenye filamu ni Mzungu mwembamba, anasema maneno mawili matatu, anafunga kitabu, basi, amemaliza, ila Erifazi hajamaliza. "Tunaomba kwa ajili ya bwana harusi... tunaomba kwa ajili ya viatu vya bwana harusi... tunaomba, Baba, kwa yule aliyemwazima viatu, asivitake leo..." na yule Mzungu amekwisha funga mdomo, anatabasamu, anatazama watu, maharusi wamekwisha anza kutembea, na maombi bado yanakwenda, "...na huyu inzi, Bwana, aliyekaa kwenye keki, umbariki naye, alitoka mbali..." na kisha kimya, kile kimya chake, anakinyoosha, anakinyoosha mpaka unafikiri sasa amemaliza, halafu kwa sauti ndogo kabisa, "...na keki," na Kevina anapasuka, anacheka, mdomo wazi, kwa sauti, katikati ya duka la watu, machozi bado yapo mashavuni na yeye anacheka mpaka hedifoni zinamteleza, kwa sababu hakuna mwingine duniani anayejua kuendelea na sala ya mtu ambaye amekwisha sema amina, ni yeye tu, ni Erifazi tu, huyo angefanya hivyo hata... jana.

Jana. Jana jioni, Helen jirani yao alikuja kuwaombea, mama wa kanisa, ana moyo, ila akishika sala haachi, aliombea koo, akaombea nyumba, akaombea barabara ya Nimule na wote wanaosafiri juu yake, wamefumba macho wote watatu, na akasema amina, na Kevina alipofumbua macho alimwona Erifazi, nyuma ya bega la Helen, macho juu, mkono umeinuliwa, midomo inakwenda, inakwenda, hakuna sauti, nyusi zimepanda, kidole kinatetemeka kuelekea kwenye chupa ya chai, na yeye Kevina akasema tayari, amekosa pumzi, tundu limeziba, akaruka akamwaga kikombe, akamshika kichwa, akafungua kitambaa, maji, Helen, lete maji! Na Erifazi akashusha mkono. Akamtazama. Akamwacha amfute shingo, amfunge kitambaa kipya, amfunike shuka mabegani, akatulia kama mtoto anayeogeshwa, na Helen akaanza kuomba upya.

Alikuwa anaibariki chupa ya chai. Mungu wangu, alikuwa anaibariki chupa ya chai, sala imeisha na yeye anaendelea nayo, bila sauti, amechagua mahali pale pale nyuma ya bega, amesubiri macho yafumbuliwe, akamchezea mtu mmoja tu kwenye ukumbi mzima, mke wake, na mke wake akamletea maji. Na kabla ya jana? Siku ile alipotembea uani amekunja mgongo na fimbo na tumbo mbele, yeye Kevina akamwekea kiti akidhani mgongo unamuuma, kumbe alikuwa Soro, alikuwa Soro anaingia na ndugu zake! Siku ile kanisani alipotikisa mabega, yeye akamshika mkono kwa kudhani analia. Ni mara ngapi, Kevina, amekuchekesha ni mara ngapi, na wewe unampima joto? Unavaa hedifoni kumtafuta, na yeye anakupungia mikono mbele ya uso. Ametolewa zoloto, hakutolewa yeye, na anayejua hilo kwenye nyumba ile ni Erifazi peke yake.

"Imekwama?" Emilio amegeuka, anamwona anacheka na kulia, hajui ashike lipi. "Mama Phiona, imekufa?"

Anatikisa kichwa. Haijafa. Inasoma, polepole, mstari wa kijani uko nusu ya njia au karibu na hapo, katoni iko wazi miguuni na diski zingine zote zinangoja zamu, na kwenye masikio Erifazi ameingia kwenye ngoma, anaimba yeye, anapiga vigelegele yeye, na Kevina hasikii tena vizuri anachosema.

"Nikuongezee sauti kidogo?"

"Hapana, baba, iache hivyo hivyo."

Iache. Iingie yote kwenye kisanduku, na kisanduku kikae sebuleni, watu waje wacheke, haki yao, yeye hana haja ya kujifungia nacho, na anatazama mlango wa duka na jua lililoko nje na umbali wa kutoka hapa mpaka Mauna, miguu imekwisha kuwa mizito kwa kukaa, hamu ile ile imemshika, ile ile ya tumbo kuuma, ila leo inamvuta upande wa nyumbani, kwa sababu saa hii hii yule mzee ameketi kibarazani na karanga zake, na mtu amepita njiani, lazima kuna mtu amepita, na yeye amemwiga, nyusi, mabega, mwendo na kila kitu, vizuri sana, na hakukuwa na mtu wa kucheka.